Ni Majirani Tu

Keroka ni mji mmoja wenye kaunti mbili. Upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na ubishi wa nani akusanye ushuru umedumu miaka. Mtu wa huko humfundishi kwamba mshindani wako wa kweli ni jirani. Wa mbali utashindana naye vipi na hata humjui?

Ndiyo maana nilishangaa Jumapili ile ya 17 Desemba 2017. Tulikuwa kwenye banda la mpira pale Daraja Mbili, mjini Kisii. Harambee Stars walikuwa Machakos wakicheza fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA dhidi ya Zanzibar, lakini skrini ilikuwa inangoja ligi ya Uingereza. Fainali yetu ilisikika kwenye redio ya simu ya jamaa mmoja, ikikwaruza. Kijana akauliza, "Kwani hii ni ya nini?" Akajibiwa, "Ni ya hawa majirani tu, buda."

Shida yangu iko kwenye hiyo "tu".

Kombe hili lina mizizi kuliko tunavyodhani. Lilianza 1926, Kenya na Uganda zikigombea Kombe la Gossage, lililoitwa jina la kampuni ya sabuni. Tanganyika na Zanzibar zikajiunga baadaye. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuja 1957. Majirani walikuwa wameshaanza kutambiana miaka 31 kabla bara zima halijakutana.

Halafu fikiria Zanzibar. Machi 2017 ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa CAF. Julai ikavuliwa uanachama huo. Miezi mitano baadaye vijana walewale wakaja Kenya, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, kisha wakaitoa Uganda, bingwa mtetezi, 2-1 kwenye nusu fainali Kisumu. Kwetu lilikuwa kombe dogo la Desemba. Kwao lilikuwa karibu jukwaa pekee la kuitwa taifa. Hiyo "tu" inawafuta watu hao wote kwa pumzi moja.

Sisemi mashindano yenyewe hayana makosa. Mwaka huo Zimbabwe ilijitoa, na Libya ikacheza kama mgeni mwalikwa. Majirani gani hao? Ratiba nayo ni ya kubahatisha: 2016 hayakuchezwa kabisa, na baada ya yale ya Uganda mnamo Desemba 2019, miaka ikapita timu za wakubwa zikiwa hazijakutana. Kitu kisicho na tarehe ya uhakika ni vigumu kukipenda. Waandaaji wakilalamika kwamba mashabiki hawajali, waanze hapo.

Tena, mechi zinapelekwa wapi? Mwaka 2017 zilikuwa Machakos, Kakamega na Kisumu. Kisii hatukupata hata moja. Najua, uwanja wa Gusii wakati huo haukuwa wa kujivunia. Lakini ulifanyiwa ukarabati kwa ajili ya Mashujaa Dei ya 2020, na mashabiki wako tayari. Watu wa hapa walingoja miaka 17 Shabana irudi ligi kuu, ikarudi 2023, na wimbo wa Tore Bobe ulikuwa haujafa. Huwezi kuwaambia watu kama hao kwamba mpira mdogo hauna maana. Mtoto wa Nyamira akiona Burundi au Sudan Kusini ikicheza safari ya matatu moja kutoka kwao, jezi ya taifa inaacha kuwa kitu cha Nairobi.

Tukirudi bandani, mechi ilifika 2-2 hadi penalti. Wale waliokuja kwa ajili ya Uingereza wakasogea karibu na simu. Patrick Matasi akaokoa, Kenya ikashinda 3-2, kombe letu la saba tangu enzi ya CECAFA ianze 1973. Banda likalipuka.

Kelele zilipotulia, yule kijana akauliza tena: "Na hawa Zanzibar, watacheza tena lini?"

Mazee, tuliangaliana tu.