Mseto na Sauti ya Marehemu: Tathmini ya Albamu ya Ok-Oyot System ya Bendi ya Extra Golden

Suala la mseto katika sanaa za Afrika limezoea kujadiliwa kwa misimamo miwili inayokinzana. Upo msimamo wa watetezi wa jadi, wanaouona kila mkopo kuwa mmomonyoko. Na upo wa wale wanaoshangilia kila mchanganyiko kana kwamba kuchanganya kwenyewe ndiko ubora. Makala haya yanaichunguza albamu ya Ok-Oyot System, kazi ya kwanza ya bendi ya Extra Golden, iliyotolewa 2006 na kampuni huru ya Thrill Jockey ya Chicago, kwa nia ya kuonyesha kwamba misimamo yote miwili haitoshelezi. Hoja ya msingi ni kuwa mseto hauna budi kupimwa kwa muundo wake: ni upande upi unaoutawala wimbo, na ni sauti ya nani inayobaki masikioni baada ya nyuzi kunyamaza.

Usuli wa kazi hii ni muhimu. Bendi iliundwa na Wamarekani wawili, Ian Eagleson na Alex Minoff, waliokuwa katika bendi ya roki iitwayo Golden, pamoja na Wakenya wawili: Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa, na Onyango Wuod Omari, mpiga ngoma. Jina la bendi, kwa hiyo, ni ndoa ya majina mawili. Eagleson alikuwa amefika Kenya kuitafiti benga kwa ajili ya shahada ya uzamifu. Nyimbo zilirekodiwa Nairobi 2004. Jagwasi alifariki 2005, kabla albamu haijawafikia wasikilizaji.

Yafaa kwanza kuondoa dhana ya usafi. Benga yenyewe ni zao la mkopo. Mafundi wake waliuhamishia ufundi wa nyatiti kwenye gitaa, wakajifunza pia kwa wapiga gitaa wa Kongo, ambao nao walikuwa wameyanywa mapigo ya Kuba. Taarabu ya pwani ina historia ya namna hiyohiyo kuhusiana na Misri na India. Kuishutumu Extra Golden kwa kosa la kuchanganya tu ni kuisahau asili ya kile kinachotetewa.

Kimuundo, wimbo wa benga huwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza mwimbaji hutoa kisa chake, gitaa la solo likimjibu ubeti kwa ubeti. Katika ya pili maneno hupungua, magitaa hushika usukani na mapigo hupamba moto. Enzi ya santuri ndogo, umbo hili mara nyingi lilikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Albamu hii ina nyimbo sita pekee, na kila wimbo umepewa nafasi ya kupumua. Roki nayo ina mapokeo yake ya gitaa linalotamba bila maneno. Hapo ndipo mapokeo haya mawili yanapokutana kwa haki, mahali ambapo kila moja lilikuwa na hamu ileile tangu awali. "Ilando Gima Onge", jina linalomsuta anayetangaza jambo lisilokuwepo, ni mfano mzuri: kisa kinasimuliwa kwa Kidholuo, na magitaa yanakiendeleza pale maneno yanapoishia. "Nyajondere" nao unaendeleza desturi ya benga ya kumtaja mwanamke kwa ukoo wake.

Udhaifu upo, nao unajitokeza zaidi katika nyimbo za Kiingereza. Katika "Tussin' and Fightin'" roki inatangulia na benga inafuata kama msindikizaji. Sehemu hizo si mbovu. Ila zinakaa bega kwa bega pasipo kuzungumza.

Mafanikio makubwa zaidi yamo katika majina mawili. Albamu ina wimbo uitwao "It's Not Easy" na mwingine uitwao "Ok-Oyot System". Kimaana, ok oyot ni "si rahisi". Majina haya basi yanatafsiriana, lakini hayalingani. Kwa Kiingereza, kauli hiyo ni lalamiko la mtu mmoja. Kwa Kidholuo imelimeza neno la kigeni, system, na kulifanya kuwa lake: ugumu umekuwa utaratibu mzima wa kuishi. Hivyo, kabla mgeni hajaja kuikopa benga, lugha ya benga ilikwisha kumkopa mgeni.

"Osama Rach", yaani Osama ni mbaya, unaudhihirisha uwili huu kwa namna nyingine. Msikilizaji wa Marekani ataipeleka fikira New York 2001. Wa Nairobi ataanzia 7 Agosti 1998, siku ambapo zaidi ya watu 200 waliuawa mjini mwake. Jeraha ni la wote wawili, lakini wimbo unalitaja kwa lugha ya yule aliyetangulia kujeruhiwa.

Linabaki swali la umiliki. Mtafiti aligeuka mshiriki. Kampuni ilikuwa ng'ambo. Hadhira kubwa haikuelewa Kidholuo. Kwa hadhira hiyo Jagwasi ni ala mojawapo, sauti tamu isiyo na kauli. Naye hakuwapo kujieleza. Bendi iliendelea, ikatoa Hera Ma Nono 2007 na Thank You Very Quickly 2009, lakini kazi hizo haziwezi kumsemea. Kasoro hii haimo katika utunzi, imo katika upokezi, na lawama haiwaangukii wageni peke yao. Nyimbo za benga hazijapewa unukuzi, tafsiri na uhakiki unaolingana na ule ambao tenzi zimepewa. Mpaka kazi hiyo ifanywe, msomi wa Nairobi asiyejua Kidholuo atamsikia Jagwasi jinsi anavyosikika Chicago.