Namba Zilizoachwa Wazi

Kuna ufundi wa kujua pa kutojaza. Mfano wake mzuri uko mahali wachache hutazama: ndani ya OpenPGP, kiwango kinachoeleza jinsi ujumbe wa siri unavyofungwa ili programu yoyote inayokifuata iweze kuufungua. Kiwango hicho huugawa ujumbe katika pakiti, kila pakiti na namba ya aina yake, na namba zinaishia 63. Zile nne za mwisho, 60 hadi 63, zimeachiwa majaribio na matumizi ya binafsi. Mwenye wazo jipya huzitumia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mfanyabiashara wa Butembo akitia alama yake kwenye magunia ya kahawa yanayokwenda Kasindi, wapakizi hawana haja ya kuielewa, mzigo unapita. Matata huanza wawili wakichagua alama moja na magunia yao yakakutana ghalani. Ndivyo zilivyo namba hizi: kwenu zina maana, ugenini hazina mwenyewe.

Waundaji wa GnuPG, programu ya kufunga ujumbe kwa OpenPGP, walilijua hilo. Programu yao hutumia 63 kwa pakiti za kujiongoza yenyewe, zisizokusudiwa kutoka nje. Lakini namba iliyo huru kwako ni huru kwa adui pia: naye anaweza kuunda 63 yake na kuipenyeza katika barua. Basi programu huitia pakiti yake alama ya nasibu ya kikao kinachoendelea. Isipoonekana, pakiti inakataliwa. Huo ni uhuru uliotumiwa kwa akili.

Mpokeaji naye ana adabu yake. RFC 9580, toleo la kiwango hicho la Julai 2024, inaamuru hivi: ukikuta pakiti usiyoijua yenye namba kati ya 0 na 39, kataa ujumbe wote, ikiwa kati ya 40 na 63, iruke uendelee. Na anayetia sahihi anaweza kuwasha, kwenye kipengele cha sahihi yake, biti moja ya kusema: usipokielewa kipengele hiki, usiiamini sahihi yangu. Kwa mwanahabari wa Beni anayelinda jina la shahidi wa mauaji, programu inayobahatisha ni hatari kuliko inayokataa.

Waandishi wa kiwango hawakuweza kujua watu watabuni nini baadaye. Walichoweza ni kuamua mapema ubunifu huo upokewe vipi. Kanuni ya namna hiyo huwaachia wadadisi nafasi ya kukosea kwao, bila kuwaharibia wengine barua.