Ghafla ya nani?

Nina ugomvi wa siku nyingi na neno "ghafla". Kwenye hadithi fupi zetu za mitandaoni linatumika kama bodaboda anayekata kona bila kuwasha indiketa. Mwandishi kakwama, basi ghafla simu inalia, ghafla mlango unafunguliwa. Nikihariri, nalifuta. Sasa nimeanza kusita, na aliyenisitisha ni Marko.

Injili yake kwa Kigiriki imejaa neno euthys, mara 40 hivi katika sura 16 tu. Neno hilo ni la mwendo: hili halijapoa, lile limeshaanza. Watafsiri wa Union Version kwa sehemu kubwa wameweka "mara", na wamepatia, kwa sababu ndivyo msimuliaji wetu anavyosukuma hadithi. Lakini lipo exaiphnes. Agano Jipya zima linalo mara 5, na Marko kalitumia mara 1, sura ya 13, pale bwana anaporudi nyumbani na kukuta watu wamelala. Hapo watafsiri wakaiacha "mara", wakaandika "ghafula".

Sasa sikia. Ghafla limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni kutokuwa makini, kupitiwa. Ndugu yake tunaye bado: kughafilika. Kwa hiyo neno linamtazama anayekutwa, kuliko kile kinachokuja. Plato, kwenye Parmenides, exaiphnes kalifanya kitu cha ajabu kilichokaa kati ya kutulia na kwenda, nje ya wakati kabisa. Zuri, ila linaelea. La kwetu lina mtu ndani yake, na mtu huyo kasinzia.

Nikipita Kariakoo nalikumbuka. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka pale likaua watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisimulia hivyo hivyo: limeanguka ghafla. Nilimaanisha kwamba hakuna aliyejua. Kumbe neno nililolichagua lilikuwa linauliza nani aliyeghafilika, nami nikalitumia kufunga mjadala.

Nina rasimu ya hadithi kuhusu asubuhi ile. Ghafla zilikuwa tatu, nikazifuta zote, nikajiona fundi. Juzi nimerudisha moja, kwenye sentensi ya kwanza. Tangu hapo hadithi imegoma kwenda, maana bado sijaandika nani alikuwa amelala.