Radamès Hajibu Kitu

Mgeni wa opera hushauriwa aanze mwanzo na avumilie mpaka mwisho. Mimi namshauri msomaji wa Salale au Kibiti aingilie karibu na mwisho: aanze na onyesho la kwanza la sehemu ya nne ya Aida, kazi ya Giuseppe Verdi iliyoimbwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Lugha ni Kiitaliano, lakini jambo lenyewe si geni Rufiji.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), alikiahirisha kifo hicho. Mhusika wake anafikishwa hai hadi vita vimeshindwa, yumo gerezani, anatakiwa atamke kwamba maji aliyowapa wapiganaji yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Anakataa, na anaeleza kwa nini.

Radamès naye anaweza kujiokoa kwa maneno. Ni jemadari wa Misri, anampenda Aida, mtumwa ambaye kumbe ni binti wa mfalme wa Ethiopia. Amemtajia njia ambayo jeshi litapita, na baba yake Aida alikuwa amejificha akisikiliza. Amneris, binti wa mfalme wa Misri, anamtaka Radamès. Yuko tayari kumwombea msamaha mradi amwache Aida. Hataki.

Hapo ndipo Verdi anapofanya jambo la kijasiri: anatunyima kesi. Makuhani wanapita mbele yetu, wanashuka chini ya ardhi, na jukwaani anabaki Amneris peke yake. Mahakama tunaisikia tu. Sauti nzito ya Ramfis, kuhani mkuu, inaita jina la mshitakiwa mara tatu na kumsomea shitaka: umetoa siri za nchi. Makuhani wenzake wanamwamuru ajitetee. Kimya. Wanamwita msaliti. Shitaka la pili, kutoroka kambini, linafuata utaratibu uleule, ila muziki umepanda nusu toni. La tatu, kuvunja kiapo kwa nchi na mfalme, linapanda tena. Nusu toni ni hatua ndogo mno, na mgeni hahitaji kujua jina lake. Atahisi tu kwamba kamba inakazwa. Kati ya shitaka na shitaka Amneris anawalilia miungu, na maombi yake ndiyo kipimo chetu cha yale yanayotendeka chini.

Hussein alimpa mtu wake maneno, Verdi alimnyang'anya wake. Mwimbaji mkuu wa kiume, ambaye watu wamelipa kuja kumsikia, ananyamaza katika saa ya hatari kubwa kuliko zote. Katika mchezo wa kusemwa, kimya kirefu namna hiyo kingeonekana kama mwigizaji amesahau. Muziki unakibeba, kwa sababu mapigo yanaendelea na sisi tunangoja jibu katika kila pigo.

Sikiliza pia sauti zenyewe. Waimbaji hawa hufunzwa kuimba bila maikrofoni, kwa kukusanya nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, eneo ambalo okestra haina nguvu nyingi. Zumari hupenya ngoma kwa njia ya karibu na hiyo: haizishindi kwa ukubwa, inazishinda kwa ukali. Sikio lililokulia kwenye ngoma za pwani limeshazoea kutafuta sauti moja kali ndani ya kishindo, na huo ni mtaji mkubwa kuliko kujua Kiitaliano.

Soma kwanza tafsiri ya maneno ya onyesho hilo, kisha sikiliza mara mbili bila kutazama picha. Baadaye rudi sehemu ya tatu, ukingoni mwa mto Nile, usikie siri inavyomponyoka Radamès. Gwaride la tarumbeta la sehemu ya pili liache hadi mwisho. Ndilo wageni huonyeshwa kwanza, na wengi huondoka wakidhani opera ni fahari tupu.