Ufundi wa Mkalimani

Mkutano wa kijiji unapoanza, wengi humtazama mgeni rasmi. Mimi humtazama mkalimani. Hapa Nyangoto, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, mara nyingi ni kijana aliyesimama kando ya meza, hana hata kiti. Mgeni anazungumza Kiswahili cha ofisini. Bibi aliyeketi majanini anasubiri Kikurya. Katikati yupo huyo kijana.

Mgeni akisema, "Maendelezo ya ardhi yatafanyiwa uthamini," mkalimani asiyeiva huhamisha maneno moja moja, na bibi huondoka na mlio tu masikioni. Fundi husikiliza mpaka mwisho, hunyamaza kidogo, kisha husema: watakuja kuhesabu miti yako na kupima nyumba yako, ndipo waandike bei. Halafu huuliza, "Bibi, hebu nirudishie, umesikia nini?" Bibi akirudisha kombo, fundi hamlaumu. Hutafuta njia nyingine na kuanza upya.

Katika swali hilo ndimo ulimo ufundi wote. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na sheria inataka uitishwe walau mara moja kila miezi mitatu. Ni haki kubwa. Lakini mtu aliyenyoosha mkono kukubali asichokielewa amenyang'anywa haki hiyo mbele ya macho ya watu wote.

Watoto wetu wanauhitaji ufundi huu mapema. Wengi huanza maisha kwa Kikurya, hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, na wakifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mkurya mdogo husema "kura" akikusudia "kula," kwa kuwa ulimi wake umezoea r. Darasa likimcheka, hufunga mdomo. Aliyefunga mdomo haulizi, na asiyeuliza hubaki na giza lake. Mwalimu fundi hulitamka neno sawasawa kwa upole, kisha huendelea na hoja ya mtoto, maana hoja ndiyo iliyomfanya asimame.

Mkoa huu unajua mtoto wa namna hiyo anaweza kufika wapi. Mwaka 1934, Julius Nyerere alitoka Butiama, kwenye Kizanaki cha nyumbani kwao, akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma. Baadaye Kiswahili kikawa chombo chake cha kuongozea nchi, na akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu aliyevuka lugha kwa miguu yake mwenyewe alijua mahali wengine wanapokwama. Alipoeleza siasa ya nchi, mkulima aliweza kuibeba hadi nyumbani na kumweleza jirani. Taifa likamwita Mwalimu, na jina hilo likadumu kuliko cheo.

Kazini ni vilevile. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo vijana wa vijiji hivi wamejifunza maisha ya zamu, mitambo na maagizo ya usalama. Popote penye kazi ya hatari, msimamizi akiuliza "Mmeelewa?" hujibiwa "Ndiyo!" kwa sauti moja. Kwetu kijana humwitikia mkubwa kwa heshima, hata pale asipoelewa. Msimamizi anayejua kazi humgeukia kijana mmoja: "Mura, nieleze utaanzia wapi." Jibu lake huonyesha pengo kabla halijaumiza mtu.

Wachimbaji wadogo wanalijua hili bila semina. Aliye juu ya duara, yaani shimo la kuchimbia, humwita mwenzake aliye chini, kisha husubiri. Sauti isiporudi, kamba haivutwi. Kwake, ujumbe haujafika mpaka jibu lipande.

Basi nawe mwalimu, ofisa, msimamizi, mzazi: kabla hujafunga mazungumzo, mchague mmoja aliyeketi nyuma kabisa, akueleze ulichosema kwa maneno yake. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.