Slaidi Inapobaki Wazi na Risasi Bado Zimo

Ukanda wa Biharamulo na Ngara nchini Tanzania, kuanzia Lusahunga hadi mpakani Rusumo, unaijua vizuri thamani ya silaha inayotegemeka. Kwa miaka mingi mabasi ya huku yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi wa porini. Mkazi wa Nyamigogo anayemiliki bastola kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hana budi kuielewa hitilafu moja inayopuuzwa mno: unafyatua risasi tatu au nne, mara slaidi inarudi nyuma na kuganda huko huko, ilhali magazini bado ina risasi.

Hitilafu hii hupuuzwa kwa kuwa ukiivuta slaidi na kuiachia, bastola inaendelea kupiga. Lakini wapigaji wengi huamini kwamba slaidi ikibaki wazi, risasi zimekwisha. Hapa imani hiyo ni hatari. Kwa hiyo kabla ya uchunguzi wowote, elekeza mdomo wa bastola mahali salama, toa kidole kwenye triga, chomoa magazini, kisha kagua chemba kwa macho na kwa kidole.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ubavuni kushoto mwa bastola nyingi kuna kishikio kidogo cha slaidi. Risasi ya mwisho ikishatoka, kisahani cha ndani ya magazini, kinachosukumwa na springi, hukiinua kishikio hicho kikaingia kwenye pengo la slaidi na kuizuia. Mpango huo ulikuwemo tayari katika M1911 ya John Browning, na umo katika Glock 17 ya miaka ya 1980. Basi swali la uchunguzi ni moja: nani amekiinua kishikio kabla ya wakati? Hakikisha kwanza kwamba kweli ni kishikio kilichoingia kwenye pengo. Kama slaidi imesimama nusu njia kwa kubanwa na risasi au ganda, hilo ni tatizo jingine.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kidole gumba. Anayeshika bastola kwa mikono miwili, vidole gumba vyote vikielekea mbele, mara nyingi huweka gumba moja chini ya kishikio. Bastola ikiruka, gumba linakisukuma juu. Dalili yake ni kwamba slaidi huganda bila mpangilio, leo kwenye risasi ya pili, kesho kwenye ya saba, na mpigaji mwingine akiishika haigandi kabisa.

Wa pili ni magazini. Zitie alama ya rangi, kisha uone kama tatizo linafuata moja tu. Ikiwa slaidi huganda zikibaki risasi moja au mbili, kagua kisahani: huenda kimepinda au kimelika, na ukingo wake unakigusa kishikio mapema.

Wa tatu ni risasi. Zenye pua pana huweza kukigusa kishikio kwa ndani zinapopanda. Toa slaidi, mulika tochi kwenye ule ulimi wa ndani wa kishikio. Ukiona mkwaruzo wenye rangi ya shaba, umempata. Jaribu risasi za umbo jingine.

Wa mwisho ni springi ya kishikio. Bastola ikiwa tupu na magazini imetolewa, inua kishikio kwa kidole na ukiachie. Kinatakiwa kushuka chenyewe mara moja. Kikilegea au kikibaki juu, springi imechoka, imevunjika, au haikurudishwa mahali pake. Katika Glock zenye pini ya juu ya fremu, springi hiyo hukaa chini ya pini hiyo. Mtu akiiunganisha vibaya, kishikio hakishuki.

Fuata mpangilio huo: mpigaji, magazini, risasi, kisha bastola. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Ukibadilisha viwili pamoja, hata tatizo likiisha hutajua lilikuwa wapi, na litarudi.

Kosa kubwa zaidi ni kukimbilia tupa. Anayesugua ulimi wa kishikio kwa kubahatisha huishia na bastola isiyobaki wazi hata risasi zikiisha, na chuma kilicholiwa hakirudi. Badilisha mshiko na magazini kwanza, kwani hayo hayagharimu chochote. Kishikio na springi mwachie fundi mwenye leseni, na umweleze ulichojaribu na ulichokiona.