Mikono Inayokamua Urwarwa

Mwisho wa mwaka, wapenzi wa urwarwa, pombe ya ndizi, hapa Rumonge nchini Burundi hubishana: ya nani ilikuwa kali, ya nani tamu, ipi iliwahi kuchacha. Mkamuaji mwenyewe hatajwi sana.

Kazi yake huanzia shimoni. Ndizi mbichi hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuivishwa kwa joto la moto siku kadhaa. Akifukua mapema, juisi haitoki, akichelewa, zimeoza. Kisha humenya mkungu baada ya mkungu, akazikanda ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi ngumu, mpaka juisi ijitenge. Nyasi hizo huchanja viganja, na utomvu huvitia weusi ambao sabuni haiuwezi. Huchuja, hutia maji kwa kipimo anachokijua kwa ulimi tu, huongeza unga wa mtama uliokaangwa, halafu hungoja ichemke yenyewe.

Kwenye vilima vya Mumirwa, juu ya Ziwa Tanganyika, mahari hayazungumzwi bila chungu cha mkamuaji huyu. Lakini urwarwa haikai. Wanunuzi wasipofika ndani ya siku chache hugeuka siki, na hasara ni yake peke yake. Kwake mimi hulipa kabla ya kuonja.